Likizo, Kuhama, na Jamaa ya Mishonari Iliyo Njiani

Katika makanisa yetu ya Shinyanga, tangu Kolandoto hata vijiji vilivyo karibu na machimbo ya almasi ya Mwadui, kuna swali ambalo sisi waalimu huulizwa kila mara jamaa ya mishonari inapoanza kufunga mizigo yake: Je, hawa wanakwenda likizo, au wanahama? Wazee wana sababu ya kuuliza, kwa maana kwetu mambo hayo mawili yana adabu mbalimbali. Aendaye likizo husindikizwa hata njia panda, akaambiwa awasalimu wa kwao na kurudi upesi. Anayehama huketishwa kwanza. Husemwa naye habari za deni, za mifugo iliyowekwa kwa watu, za mahali aendako na za nani atakayekaa mahali pake, ndipo aachwe aende. Nasi twawajibu wazee, "Likizo," kwa kuwa ndilo neno tuliloliona katika barua za misheni. Lakini jibu hili ni nusu ya kweli tu, na nusu iliyosalia imeleta uchungu mwingi pande zote mbili.

Tulitazame neno lenyewe. Likizo hutoka katika kitenzi likiza, ambacho watu wa pwani walikitumia kwa mambo mawili: kuwapa watu ruhusa waache kazi au masomo kwa muda, na kumwachisha mtoto maziwa ya mama. Waalimu wengi wa bara wajua maana ya kwanza tu. Hii ya pili yafaa kukumbukwa, kwa kuwa mtoto aachishwaye maziwa hapumziki. Hulia, hukonda, hujifunza chakula kigeni, na mama yake naye huumia. Neno la Kiingereza lililokuwa likitumika zamani kwa safari hizi lilikuwa neno la askari, nalo asili yake ni ya Kiholanzi: ni ruhusa ya askari kuondoka kambini, akijua siku ya kurudi. Siku hizi vyama vingi vya misheni vimeliacha neno hilo, navyo huuita wakati huu kazi ya nyumbani. Twaona wamefanya vema kuliacha, ingawa hilo jipya nalo lina shida yake, kama tutakavyoona tukifika kwa watoto.

Kazi hiyo ni nini? Mkristo wa kijijini hudhani ya kuwa mishonari akifika kwao hukaa barazani na kunenepa. Yapasa aelezwe. Misheni ya Africa Inland, iliyoanzishwa mwaka 1895, na iliyopokea kituo cha Nassa kutoka kwa Church Missionary Society mwaka 1909, haikuwekwa juu ya mishahara ya serikali wala ya kanisa moja kubwa. Watu wake huishi kwa sadaka za makanisa na za rafiki. Basi jamaa ikifika kwao huanza kuzunguka: Jumapili hii mji huu, Jumapili ijayo mji mwingine, baba akihubiri, mama akieleza habari za wagonjwa na shule, watoto wakisimamishwa mbele ya watu waimbe wimbo kwa lugha ya huku. Hulala katika nyumba za watu. Katikati ya hayo hutazamwa na madaktari, hutafutiwa watoto shule, hungoja vibali na viza. Sadaka zikipungua, au mzazi mzee akiugua, au kibali kikikataliwa, hawarudi. Na wengine huambiwa wakiwa huko huko ya kuwa sasa wanatakiwa katika nchi nyingine kabisa. Siku ile waliyowaaga watu hapa, wao wenyewe hawakujua lipi litakalokuwa.

Hapo ndipo lugha yetu inapotuponza. Watu wa pwani wana kwaheri, nao wana kwaheri ya kuonana. Ya kwanza ni baraka. Ya pili ni kama agano. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa miaka minne apenda kusema ile ya pili, kwa kuwa ni tamu na ndefu, naye aona ni adabu tu. Wasikiaji wake huiweka moyoni. Tumewajua Wakristo waliomngojea mtu kwa miaka, wakisema, "Alisema tutaonana," na mwisho wakasema ya kuwa Wazungu ni waongo. Mtu yule hakusema uongo. Alitumia salamu isiyolingana na safari yake.

Mambo haya si mageni katika Afrika ya Mashariki. Yalianza na yule mishonari wa kwanza wa Church Missionary Society aliyefika pwani yetu. Ludwig Krapf hakutumwa Mombasa. Kazi yake ilikuwa Ethiopia, katika nchi ya Shoa, na alipotoka huko mwaka 1842 akazuiwa asirudi. Mwaka ule ule alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, na wote wawili wakajaribu kuingia Ethiopia kwa njia ya Massawa. Wakiwa njiani jangwani, Rosine akazaa mtoto wa kike, naye hakuishi. Jina walilompa lilikuwa Eneba, maana yake katika Kiamhara ni chozi. Wakarudi nyuma, wakapita Aden, wakafika Unguja Januari 1844, kisha Mombasa. Julai ya mwaka ule ule Rosine alikufa, na mtoto wake mchanga pamoja naye. Sisi tufundishapo habari za Krapf hutaja kamusi yake na tafsiri zake, nayo yastahili. Lakini mwanamke huyu, tangu arusi yake hata kaburi lake, hakupata hata miaka miwili, na sehemu kubwa ya siku hizo aliishi kati ya kituo kilichofungwa na kituo kisichojulikana bado.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Vita vilipoanza mwaka 1939, mishonari Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa na kufungiwa kambini, na misheni zao zikabaki kama yatima. Waluteri wa Augustana wa Marekani, waliokuwa wakifanya kazi Iramba, nchi inayopakana na Usukuma upande wa kusini, walitakiwa wazisaidie. Mwezi wa Machi 1941 meli ya Misri iliyoitwa Zamzam ilitoka New York ikienda Cape Town, ina abiria zaidi ya 200. Wengi wao walikuwa mishonari na wake zao na watoto wao, wa vyama mbalimbali, na wa Africa Inland walikuwamo. Miongoni mwao alikuwamo Lillian Danielson, mke wa mishonari Elmer Danielson aliyekuwa amekwisha kutangulia Tanganyika, naye alikuwa na watoto wake sita. Tarehe 17 Aprili, alfajiri, manowari ya Wajerumani iliyoitwa Atlantis iliipiga Zamzam kwa mizinga. Abiria wote waliokolewa, ingawa wengine walijeruhiwa na mmoja wao alikufa baadaye kwa jeraha lake. Wakapakiwa katika meli nyingine ya Wajerumani, wakazungushwa baharini mwezi mzima, wakashushwa Ufaransa. Na Wamarekani wakapata kurudi kwao kwa njia ya Ureno. Bibi huyu aliondoka kwao ili amfikie mumewe, akarejea kwao asimfikie. Makanisa ya huku yaliyokuwa yakingojea watu yalipata habari tu.

Vita ni jambo la nadra. Litokealo kila wakati ni habari ya watoto, na hapa twataka kukaa kidogo.

Msukuma akikutana na mtoto njiani humsalimu, kisha huuliza ni wa nani na kwao ni wapi. Kwetu mtoto hujulikana kwa jina la baba yake. Ndiyo maana majina yetu mengi huanza na Ng'wana, yaani mwana wa fulani. Mtoto wa mishonari aliyezaliwa hospitali ya Kolandoto aweza kulijibu swali hilo kwa Kisukuma safi. Pengine bibi mmoja wa jirani amekwisha kumpa jina la Kisukuma. Akifika umri wa shule hupelekwa mbali. Wazee wetu wakumbuka jinsi watoto wa Africa Inland walivyopelekwa Kijabe katika Kenya, katika shule iliyofunguliwa mwaka 1906. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mtoto wa Shinyanga aliweza kupanda gari la moshi hata Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hata Kisumu, akapanda gari tena mpaka Kijabe. Huko akakaa na watoto wa nchi nyingi. Kisha jamaa yake ikaenda Marekani au Uingereza, akaambiwa, "Sasa tunakwenda nyumbani." Nyumbani gani? Pale panapoitwa kwao hajui kununua mkate wala njia ya kanisa. Uso wake ni wa wenyeji, moyo wake ni wa mgeni, na watu hawamsamehe, kwa kuwa hawamwoni kuwa mgeni. Hii ndiyo shida tuliyoitaja ya lile jina kazi ya nyumbani: ni nyumbani kwa baba na mama tu.

Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Ruth Hill Useem, aliyekwenda kuchunguza maisha ya Wamarekani waliokaa Bara Hindi katika miaka ya 1950, aliwapa watoto wa namna hii jina linalotumika mpaka leo, watoto wa utamaduni wa tatu. Maana yake ni kwamba hawana ule wa wazazi wao kamili, wala ule wa wenyeji kamili, bali wana wa tatu, ambao wenzao ni wale waliokulia njiani kama wao. Waalimu walio na mtoto wa namna hii darasani wasiseme tu ana kiburi au ni mpole mno. Mara nyingi mtoto huyo amekwisha kujifunza ya kuwa kila rafiki ataachwa, basi hapendi kumfunga rafiki moyoni.

Watu wa karibu na Mwadui wameona wageni wa namna mbili, na huwapambanua vizuri. Wa kwanza ni wale wa mgodi. Tangu Dr. John Williamson, Mkanada, alipoigundua almasi mwaka 1940, pale Mwadui ulijengwa mji wenye uzio wake, nyumba zake, shule yake, hospitali yake na uwanja wake wa ndege. Mgeni wa mgodi huja kwa mkataba; mkataba ukiisha hutoa ufunguo wa nyumba, huondoka, na hakuna anayemlaumu, kwa kuwa hakumwahidi mtu neno. Wa pili ni mishonari. Huyu alisema amekuja kuwa ndugu. Basi aondokapo kama mtu wa mkataba, watu huona ndugu amefanya jambo la mgeni. (Na ajabu yenyewe ni kwamba Williamson, ambaye hakuja kwa ajili ya undugu, hakuondoka, alikufa Mwadui mwaka 1958.)

Mnada wa vyombo huongeza maneno. Jamaa ikiondoka huuza vitanda, masufuria, na viti vyake, na jirani waliotazamia kuachiwa kitu cha ukumbusho huombwa fedha. Mapasta na waeleze ya kuwa vyombo vingine ni mali ya misheni, na fedha za vingine ndizo zitakazonunua vyombo huko waendako. Lakini mishonari naye na aelezwe ya kuwa kijiko kimoja kilichotolewa bure kwa mkono wake chaweza kuponya fitina ya mnada mzima.

Sisi twaona dawa imo katika desturi yetu wenyewe. Kwa Kisukuma kuhama ni kusama. Asikiaye asikia ya kuwa ni neno lile lile la Kiswahili, s imekaa mahali pa h. Watu wetu ni mafundi wa kusama. Baada ya mwaka 1947, ulipoanza mpango wa kuiendeleza Usukuma, kaya nyingi ziliacha nchi iliyochoka zikavuka kwenda Geita, ng'ombe zikiswagwa mbele. Hawakuambiana kuwa wanakwenda likizo. Waliagana kama watu wanaoweza kuonana tena au wasionane, na kwa kuwa waliagana hivyo, mgeni wa kutoka kwao akifika Geita leo hupata mahali pa kulala. Basi jamaa ya mishonari isiyojua kama itarudi na iagwe kwa adabu ya kusama. Baraza la kanisa liketi nayo kabla ya mnada, liulize bila haya: Mwarudi? Kama hamjui, mtatuandikia lini mkijua? Nani ashike daftari la zahanati? Watoto wapewe nafasi ya kuwaaga rafiki zao wenyewe, si kusimama tu kando ya wazazi wakipigwa picha. Mwenye kwenda aseme kwaheri, akiacha ya kuonana hata siku atakayokuwa na tiketi mkononi.

Na tukiisha kuwafanyia hivyo wageni, tuwatazame watu wetu. Mwalimu au mwinjilisti atolewaye Nassa na kupelekwa upande wa Geita mara nyingi hupata barua siku ya Ijumaa, akapakia mkewe na wanawe juu ya lori Jumatatu. Hakuna baraza lililoketi naye, wala hakuna aliyeuliza ni nani aliyeweka mbuzi wake kwa nani. Watoto wake nao, wakifika huko, huulizwa njiani kwao ni wapi.