Kuhesabu pumzi ili kutuliza hofu: je, mtu hutoka katika Uislamu?



Dada yetu mmoja anayeishi Guta, wilaya ya Bunda mkoani Mara, ametuletea suala ambalo tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu linazigusa familia nyingi za visiwani zenye jamaa zao bara. Yeye na mumewe asili yao ni Pemba. Mume ni mvuvi wa dagaa katika Ghuba ya Speke, na kwa wasioijua kazi hiyo, dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwaka jana upepo uliupindua mtumbwi wao. Yeye aliokolewa kabla ya alfajiri. Mwenzake hakuonekana tena, Allah amrehemu.

Tangu hapo mume halali. Akishuka mwaloni (ndiyo diko kwa lugha yetu) na kusikia upepo, moyo humwenda mbio na mikono humfa ganzi. Mshauri wa afya alimfundisha kukaa kimya kwa dakika kumi, kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka, kuihesabu, na fikra zikija aziache zipite bila kupigana nazo. Baada ya wiki chache akaanza kulala. Ndipo kaka yake aliyeko Unguja alipopiga simu: zoezi hilo ni ibada ya Wabuddha, aliyelifanya ameshirikisha, na ndoa yake imevunjika mpaka atamke shahada upya. Mume ameliacha zoezi. Hofu imerudi. Dada anauliza kama bado ana ndoa.

Tunaanza na hilo, kwa sababu watu wamekaa roho juu. Ndoa ipo, mume ni Muislamu, na hakuna cha kufungwa upya. Maelezo yake ni haya.

Kwanza, kaka hakusema uongo kuhusu asili ya zoezi. Siddhartha Gautama, wanayemwita Buddha, aliishi kaskazini mwa India karne kadhaa kabla ya Nabii Isa (AS). Katika maandiko yao ya Kipali kuna somo liitwalo Anapanasati, lenye hatua 16, na mwanzo wake ni mtu kukaa mahali pa faragha akajua tu kwamba sasa anavuta pumzi ndefu, sasa anaitoa. Uangalifu huo wanauita sati, yaani akili ihudhurie pale mwili ulipo, isiende jana wala kesho. Kwa Mbuddha, hata hivyo, utulivu si mwisho wa jambo. Pumzi ni mlango tu. Ndani ya mlango anatakiwa ashuhudie mambo matatu: kwamba kila kitu kinapita, kwamba kung'ang'ania vinavyopita huleta mateso, na kwamba hakuna "mimi" wa kudumu nyuma ya fikra na hisia zake. Anayefika mwisho wa njia hiyo, kwa itikadi yao, hufikia nirvana na kutoka katika mzunguko wa kufa na kuzaliwa tena.

La kwanza halimshitui Muislamu, kwani Suratur Rahman, aya ya 26, inatufundisha kuwa vyote vilivyo juu ya ardhi vitatoweka. Hilo la tatu ndilo hatulipokei. Nafsi ipo, imeumbwa, na itaulizwa. Asiyekuwepo hawezi kusimamishwa mbele ya mizani. Wala hatuna kuzaliwa tena duniani. Tuna kaburi, tuna barzakh, na tuna ufufuo.

Wabuddha wenyewe si wageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu lao la zamani, lenye asili kwa Wasinhala waliokuja kutoka Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo la Guta, Garuga karibu na Entebbe, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa wa Kiganda, Bhante Buddharakkhita. Anayeingia kwenye njia yao huanza kwa kutamka kwamba anakimbilia kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa wake. Maneno hayo ni kiapo cha kiitikadi, na Muislamu hayatamki hata kwa mzaha.

Sasa, je, mvuvi wa Guta alipelekwa huko? Kwa maelezo ya mkewe, hapana. Sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa leo hospitalini na katika programu za simu yamepita kwa mtu mmoja, Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha mafunzo ya wiki nane katika chuo cha tiba cha University of Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyopona. Yeye alijifunza kwa walimu wa Kibuddha, lakini mbele ya wagonjwa aliweka zoezi akaacha itikadi. Mojawapo ya mazoezi yake ni kula zabibu moja polepole, kwa kuitazama, kuinusa na kuionja. (Aliyewahi kufuturu kwa tende moja baada ya siku ndefu ya Ramadhani hana haja ya kwenda Marekani kufundishwa hilo.)

Na kwa nini pumzi imsaidie mtu aliyenusurika kuzama? Mtu akihisi hatari, mwili humwaga adrenalini, moyo hukimbia na pumzi huwa fupi za haraka. Akihema hivyo kwa muda, gesi ya kaboni dioksaidi hupungua mno kwenye damu, na hapo huja kizunguzungu na ganzi ya vidole. Naye huidhania ganzi hiyo kuwa ni mauti, akazidi kuogopa na kuzidi kuhema. Pumzi inayotolewa polepole kuliko ilivyoingia huuamsha mshipa wa fahamu unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, na mapigo yakapungua kasi. Mwili huo aliuumba Allah, na hufanya kazi hivyo kwa Muislamu, kwa Mbuddha na kwa asiye na dini.

Tukija kwenye hukumu, kaka ameegemea Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba mwenye kujifananisha na watu ni katika wao. Hadithi hiyo tunaikubali. Wanazuoni, hata hivyo, wameieleza kuwa inahusu yale ambayo ni alama ya dini ya watu hao, si kila lililogunduliwa nao. Tazama jinsi Mtume (SAW) alivyoamua mambo yaliyokuja kutoka nje. Masahaba walimuuliza kuhusu visomo vya kutibia walivyokuwa wakivitumia zama za Ujahilia. Hakuvifuta kwa sababu ya asili yake. Aliwataka wamuoneshe, akawaambia kuwa hakuna ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Hiyo imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Awf bin Malik. Na katika Sahih hiyo hiyo imo Hadithi ya Judama bint Wahb: Mtume (SAW) alikusudia kumkataza mume asimwendee mkewe anayenyonyesha, kisha akaangalia kwamba Warumi na Waajemi hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Hao hawakuwa Waislamu, na bado hali yao ilizingatiwa.

Jambo kama hili limeshajadiliwa na mabaraza makubwa. Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga yenye mchanganyiko wa matamko na makusudio ya kiroho ya Kihindu. Miezi miwili baadaye Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo likaharamisha yoga yenye ibada na itikadi hizo, lakini likaruhusu ile ambayo ni mazoezi ya viungo tu. Wapo maulamaa wanaofunga mlango wote kwa tahadhari, wakihofia kwamba mtu ataanza na pumzi na kuishia kwenye sanamu. Tunawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Hatuoni kuwa inatosha kumnyima mgonjwa dawa, wala hatumjui mwanachuoni yeyote miongoni mwao aliyevunja ndoa ya mtu kwa kuhesabu pumzi.

Msingi huo tutauonesha kwa mfano. S. N. Goenka, mwalimu mzaliwa wa Burma aliyefariki mwaka 2013, ameacha kozi za siku kumi zinazofundishwa katika nchi nyingi, bila ada. Tangazo lake husema si dini. Lakini kanuni za kozi zinamtaka mwanafunzi aanze kwa kutamka ule ukimbilio wa mambo matatu, na asitishe sala na ibada zake zote mpaka kozi iishe. Siku kumi ni faradhi hamsini. Kijana wenu anayefanya kazi katika hoteli za Paje au Jambiani akialikwa kwenye mafunzo ya utulivu, msimzomee. Mwambieni aulize kwanza kama kuna matamko, kama kuna sanamu ya kuinamiwa, na kama Adhuhuri itaswaliwa kwa wakati wake. Moja likiwa kasoro, aondoke.

Sisi wa visiwani tungepaswa kuwa wepesi kuielewa tofauti hii, maana mjadala wa pumzi tumeshaupitia. Zikri za Qadiriyya, zilizoenezwa pwani hii na Sheikh Uways al-Barawi (aliyefariki mwaka 1909) na khalifa zake, zina uvutaji pumzi wa nguvu, na masheikh wetu wamehitilafiana kwa makali. Waliopinga walipinga sauti ya pumzi kuchukua nafasi ya jina la Allah katika kitu kinachoitwa ibada. Na hapa tunamtahadharisha pia mume wa dada yetu: asilifanye zoezi lake kuwa uradi, asilitafutie thawabu maalumu, wala asiliingize ndani ya Swala. Alichukue kama anavyochukua kidonge.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo kaka na mshauri wote wawili hawakulitaja. Kwa aliyenusurika majini, kufumba macho na kuikodolea pumzi kunaweza kumrudisha mtu kule kule ziwani. Ikimtokea hivyo asijilazimishe. Afumbue macho, akanyage ardhi kwa nyayo, ashike kitu cha baridi, na arudi kwa mshauri amweleze. Zoezi hili halikuwekwa badala ya tiba. Hofu iliyodumu tangu mwaka jana inahitaji mtaalamu.

Na ndani ya dini yake ana akiba ambayo pengine hakuonyeshwa. Kuziacha fikra zipite bila kuzikamata si geni kwetu: katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinawazungumzisha, maadamu hayakusemwa wala kutendwa. Ibn al-Qayyim ameandika kwa urefu kuhusu fikra inayopita moyoni, namna inavyokuwa nyepesi mwanzoni na nzito ikishakaribishwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ametenga katika Ihya kitabu kizima cha muraqaba na muhasaba, na kingine cha tafakuri. Tofauti ni kwamba mwenye muraqaba hajiangalii tu. Anajua kuwa anaangaliwa na Mola wake.

Kisha kuna kisomo. Ummu Salama (RA) ameeleza kwamba Mtume (SAW) alikuwa akisoma kwa kukata aya baada ya aya. Aliyesoma chuoni anajua maana yake kwa kifua: unavuta pumzi mahali pa kuanzia, unaitoa yote kwa madda na ghunna mpaka kituo, unanyamaza, unaanza tena. Mume akisoma hivyo juzuu moja baada ya Isha, mapafu yake yatafanya kazi ile ile na moyo utapata utulivu uliotajwa katika Suratur Ra'd, aya ya 28. Anaweza kufanya yote mawili, kila moja kwa nia yake.

Kwa kaka wa Unguja: Hadithi ya Ibn Umar (RA) katika Bukhari na Muslim inasema anayemwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Hukumu ya ndoa ni ya kadhi, haitolewi kwa simu baada ya kusoma kurasa mbili. Umemtisha mgonjwa na umemlaza mkewe akidhani yuko na asiye mumewe. Istighfari, kisha mpigie ndugu yako leo, umwambie aendelee na dawa yake.

Wallahu a'lam.