Shati Moja, Watoto Watatu

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda mto Luapula hupita Kasomeno. Hapo njia hugawanyika: moja yaenda Kasenga, nyingine yaelekea kaskazini, Kilwa na Pweto. Njia hiyo ya Kasenga yazijua nguo kuukuu tangu zamani. Kabla ya uhuru, Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Elisabethville, marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani yalifika mjini. Wachuuzi walizichukua, wakazivusha Luapula pamoja na biashara ya samaki, zikauzwa Rodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia tangu 1964. Baadaye Wazambia walizipa jina la salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua fungu na kuchagua.

Basi kuvaa nguo iliyovaliwa na mwingine si jambo geni kwetu. La ajabu ni hili, ya kuwa twapekua robota lililotoka mbali, na sanduku la nyumbani hatulifungui.

Fikirini sare ya shule. Katika Kongo yetu mwanafunzi huvaa nyeupe juu na buluu chini, akae Kasomeno, Kasenga au mjini. Katika nchi nyingine kila shule ina rangi yake, na sare ya huku haifai kule. Kwetu shati lililombana mtoto wa ndugu yako aliyeko Pweto lamfaa wa kwako Septemba hii. Tangu 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini shati si la bure, na wako watoto wabakio nyumbani majuma ya kwanza kwa kukosa vazi tu.

Shati moja latosha watoto watatu likitunzwa. Ukosi ndio uchakaao kwanza, penye mkunjo. Fundi huufumua, huugeuza, huushona tena, na shati lapata mwaka mwingine. Sketi ishonwe na pindo la vidole vinne, mama alishushe kadiri binti akuavyo. Suruali iliyotoboka magoti iwe kaputula ya mdogo wake. Vifungo vitiwe koponi, na kitambaa cha pamba kisichofaa tena kifute ubao. Habari za vikwembe vinunuliwavyo kwa kila arusi na kila tarehe 8 Machi siziandiki leo. Wake zetu wangenikasirikia.

Lakini kutoa nako kwataka akili. Mwaka mmoja nilimpa mvulana shati mbele ya wenzake, nikidhani natenda wema. Lilipungua vifungo viwili, na yule aliyelivaa zamani alikuwa ameketi dawati la nyuma; akalitambua, akacheka. Siku mbili mvulana hakuja. Siku ya tatu alikuja mama yake, akanishukuru kwa upole, kisha akasema kwamba mwanawe si jalala.

Tangu siku hiyo nguo zafuliwa, zatiwa vifungo, zapigwa pasi, nasi walimu na wazazi twakutana Jumamosi bila watoto. Kila mtu huja na kitu na kuondoka na kitu, hata asijulikane ye yote aliyepewa. Jumamosi ya kwanza mama yule alikuja mapema. Alileta shati lile lile, vifungo vyote vikiwa mahali pake, akamchagulia mwanawe jingine.