Kitoweo Bila Wali

Mtu wa pwani ukimwambia aache wali ni kama umemwambia ahame kwao. Nami ndivyo nilivyoamriwa na daktari kwa ajili ya sukari: wali punguza, mkate punguza. Nikapanda Eldoret kwa binti yangu aliyeolewa huko, nazi tatu kikapuni na uso wa matanga.

Sokoni nikakuta mgagani, mboga yetu ile ile, ila Wakalenjin huiita isagek na huipika kwa maziwa. Tumbo langu haliyawezi maziwa. Nikasema leo watakula ya tui. Nikamwomba jirani aniazime mbuzi. Mama wa watu akanionyesha zizini! Nazi ikakunwa kwa kibati cha kukwaruzia karoti.

Chemsha nyama ya mbuzi kilo moja kwa thomu, tangawizi na chumvi, hata ilainike. Mgagani chambua majani, yachemshe, umwage maji ya kwanza, ndiyo yenye uchungu. Kaanga kitunguu na tungule mbili, tia nyama, tia mboga, kisha tui zito la nazi moja, ukoroge polepole lisikatike. Ukiepua, kamulia ndimu.

Huko Marekani, Loren Cordain alitoa kitabu mwaka 2002 akihimiza watu wale kama watu wa kale: nyama, samaki, mboga na matunda, nafaka na maziwa waache. Mimi nilifikishwa hapo na daktari.

Tukapiga bismillahi. Mkwe wangu alilia ugali. Mimi nilikula kwa kijiko, sahani mbili, na macho yangu kwenye ugali wake.