Pampu ya haidroliki hulia kwa njaa ya oili

Pampu ya kijiko au tipa ikianza kulia kama inasaga kokoto, wengi Njombe na Makambako hulaumu spea feki. Mara nyingi pampu haina kosa, imenyimwa oili.

Hata mafundi wazoefu husahau kwamba pampu haivuti oili. Hushusha tu presha mdomoni mwake, kisha hewa iliyo juu ya tangi ndiyo inayoisukuma oili iingie. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko ya Dar es Salaam. Makambako iko chini kidogo, lakini nafuu yake si kubwa. Hapo hatujagusa baridi ya Juni na Julai: oili namba 68, ambayo namba yake hupimwa kwenye nyuzi 40, huwa nzito mara tano au zaidi ikishuka chini ya nyuzi 10.

Oili ikichelewa, presha mdomoni hushuka mno na viputo hujitokeza. Vikifika upande wa presha kubwa hubonyea ghafla, na vilivyo karibu na chuma hukidonoa kwa mchirizi mwembamba wenye nguvu za ajabu. Mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza alikokotoa presha ya kiputo kinapobonyea mwaka 1917, wakati propela za meli zilipokuwa zikiliwa hivyohivyo. Fungua pampu iliyougua: sahani yake ina vishimo vinavyonasa ukucha, ilhali pembeni bado inang'aa.

Asubuhi, acha injini sailensa dakika 10 hadi 15 kabla ya kunyanyua mzigo, bila kupiga resi. Tumia oili nyepesi, namba 46 au 32, kama kitabu cha mashine kinaruhusu. Kwenye viwanda vya mbao, kagua tundu la kupumulia la tangi, maana vumbi la mbao huliziba. Chujio na hozi ya kufyonzea usivisahau. Hozi kuukuu hubanduka ndani huku nje ikionekana nzima. Kufunga pampu mpya kwenye hozi hiyo ni kutupa hela.

Oili ikitoka povu, tafuta maungio yanayoingiza hewa. Ila usipapase hozi ya presha kwa kidole kutafuta uvujaji. Tumia kipande cha kadibodi. Oili hupenya ngozi kwa tundu dogo lisilouma sana mwanzoni, na anayepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.