Rubani akizimia angani, wewe abiria utafanyaje?

Msomaji, hebu fikiria umeketi kando ya rubani katika ndege ndogo. Ghafla mwenzako anainamisha kichwa na hasemi tena. Utapiga mayowe?

Haya si mambo ya sinema. Mei 10, 2022, abiria asiyekuwa na mafunzo yoyote ya urubani aliteremsha salama ndege aina ya Cessna Caravan huko Palm Beach, Florida, Marekani, baada ya rubani kuugua wakitoka visiwa vya Bahamas. Ndege za aina hiyo ndizo zipelekazo watalii Maasai Mara kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi.

Jambo la kwanza ni kuituliza ndege. Mwondoe rubani kwenye usukani, umfunge mkanda vyema asije akauangukia tena. Tazama mbele pale mbingu na ardhi zinapokutana, uyaweke mabawa sambamba na mstari huo. Usivute usukani kwa pupa, kwani ndege ikiinua pua kupita kiasi hupoteza kasi na mabawa hushindwa kuibeba. Kama mtambo wa kujiendesha unafanya kazi, usiuguse.

Pili, omba msaada. Vaa visikizio vya rubani, ubonyeze kitufe cha redio kilichoko kwenye usukani, useme "Mayday" mara tatu. Eleza kwamba rubani amezimia na wewe hujui kuendesha ndege. Kisha achilia kitufe, la sivyo hutasikia jibu. Asipojibu mtu, weka redio kwenye masafa ya dharura, 121.5. Ukijibiwa, usibadilishe masafa mpaka uambiwe.

Tatu, tii maagizo. Yule abiria wa Florida alibahatika kumpata mwongozaji wa ndege ambaye pia ni mwalimu wa urubani, akamwelekeza hatua kwa hatua.

Wakati wa kutua, punguza nguvu za injini polepole na uchague njia iliyo ndefu. Ukikaribia kabisa ardhi, inua pua kidogo ili magurudumu ya nyuma yatangulie kugusa. Kisha zima nguvu zote na ukanyage breki, ambazo ziko sehemu ya juu ya pedali. Ukiona hukukaa sawa ungali juu, ongeza nguvu, upae na kuzunguka tena. Haraka haraka haina baraka.

Hata hivyo, si kila mkasa huisha kwa vigelegele. Oktoba 8, 2013, huko Humberside, Uingereza, abiria aliteremsha Cessna ndogo giza likiwa limeingia. Yeye alinusurika, lakini rubani aliaga dunia.

Basi siku utakapopanda ndege ndogo, muulize rubani kabla ya kupaa: kitufe cha redio ni kipi? Swali hilo moja laweza kuwaokoa nyote.