Kuuliza Watu Wanataka Nini katika Kompyuta Zao



Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba chumba cha kompyuta cha shule yetu kimo katika shida. Mashine zilizomo zinatumia Windows 10, na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imeacha kuitolea matengenezo yake ya kawaida ya usalama. Windows 11 nayo haikubali mashine nyingi za zamani, maana inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Basi njia ni tatu: kununua mashine mpya, au kutia mfumo wa bure kama Ubuntu katika hizi tulizo nazo, au kuendelea vivi hivi na hatari yake.

Sisi wanafunzi wa zamani tumeombwa fedha. Lakini kabla hatujatia mkono mfukoni, wanafunzi wa Klabu ya Kompyuta wamepewa kazi ya kuwauliza watumiaji wote wanataka nini. Nami, kwa kuwa nilisoma hapa na sasa kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na simu Wandegeya, nimeombwa kueleza jinsi maswali ya namna hii yanavyotungwa. Wako watu wadhanio kwamba kuuliza ni kazi nyepesi. Sivyo. Swali baya huleta jibu baya, na jibu baya litatufanya tununue kitu kibaya kwa fedha nzuri.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Ufananishe na msimamizi wa stendi ya taksi hapa Kampala. Yeye haendeshi gari lo lote, lakini ndiye aamuaye gari lipi lipakie, lipi lingoje, na lipi liondoke. Windows ni mfumo endeshi. Android, iliyo katika simu nyingi za mjini, ni mfumo endeshi. Ubuntu pia ni mfumo endeshi. Ulianza kutolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini pamoja na wenzake, nao hupatikana bila kulipa. Jina lake ni neno la utu katika lugha za kusini mwa Afrika, na Waganda hawahitaji kufasiriwa, maana wao husema obuntu.

Sasa tuje kwenye maswali. Sheria ya kwanza ni hii: kabla ya kuandika swali, jiulize jibu lake litabadili nini. Katika rasimu ya klabu palikuwa na swali, “Unapenda rangi gani katika kompyuta?” Hata kama shule nzima ingejibu kijani, hatutanunua wala hatutaacha kununua kitu kwa sababu hiyo. Swali lisiloweza kugeuza uamuzi lifutwe, hata likiwa tamu namna gani, maana msomaji akichoka na maswali ya bure atajibu ovyo yale ya maana.

Sheria ya pili: muulize mtu jambo analoweza kulijua. Siku moja nilimwuliza mama mmoja aliyeniletea simu, “Nnyabo, simu hii inatumia mfumo gani?” Akanijibu bila kusita, “Airtel, ssebo.” Hakukosa adabu wala akili. Yeye hulipa Airtel kila juma, na jina la mfumo hajapata kuliona katika risiti yo yote. Ukiandika “Unatumia mfumo endeshi gani?” utapata majibu ya namna hiyo kwa wingi, na ukiyajumlisha utapata takataka. Afadhali umwonyeshe mtu picha za skrini tatu na kumwambia aweke alama penye ile ifananayo na yake, au umwombe afungue mipangilio ya simu na kunakili aonacho pale.

Sheria ya tatu ndiyo kubwa kupita zote: uliza alilofanya mtu, usiulize analotamani. Matamanio hayana gharama, kwa hiyo kila mtu anayo mengi. Chukueni habari ya lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilianza kazi ya kuivika Windows maneno ya Kiswahili. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukimwuliza mwanafunzi wa Kampala, “Je, ungependa kompyuta yako iwe kwa Kiswahili au Kiganda?” atajibu ndiyo, maana kusema hapana ni kama kuikana lugha ya nyumbani. Swali la kweli ni hili: “Sasa hivi simu yako inaonyesha lugha gani? Je, umewahi kuibadili? Ukaibakiza kwa muda gani?” Mtu aliyeibadili kisha akairudisha Kiingereza baada ya siku mbili anakufundisha zaidi kuliko mia waliosema ndiyo. Mfuate huyo, umwulize ni neno gani lililomkwamisha.

Vivyo hivyo katika habari ya matoleo mapya. Usiulize, “Je, ni muhimu mfumo kupata matengenezo ya usalama?” Nani atasema si muhimu? Uliza, “Mara ya mwisho simu ilipokuambia kuna toleo jipya, ulifanya nini?” Hapo utasikia mambo ya Uganda yenyewe. Data ya intaneti ni ghali kwa mwanafunzi. Tangu Julai 2018 watu walitozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa na badala yake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya data. Mtu akihesabu shilingi zake hivyo, hubonyeza “baadaye” kila siku, na hiyo “baadaye” haifiki. Basi tumejua jambo: mfumo utakaochaguliwa lazima uweze kupata matengenezo mara moja kwa shule nzima, si kila mashine kujivutia yake.

Sheria ya nne: swali moja libebe jambo moja, wala lisimsukume mtu. Rasimu ya klabu ilisema, “Je, ungependa mfumo wa kisasa, wa bure, wenye kasi na usioshikwa na virusi?” Hapo mna maswali manne katika gunia moja, na jibu limekwisha kuandikwa ndani ya swali. Maneno madogo nayo yana nguvu. Mwaka 1941 mtafiti Donald Rugg alieleza jaribio lililofanywa Marekani. Kundi moja la watu waliulizwa kama serikali ikataze hotuba za kupinga demokrasia, na kundi lingine kama iziruhusu. Kwa akili ya kawaida, kutoruhusu na kukataza ni mamoja. Lakini waliosema zisiruhusiwe walikuwa wengi zaidi sana kuliko waliosema zikatazwe, maana neno “kataza” ni kali mdomoni.

Kwetu sisi liko jambo la kuongeza juu ya hayo, nalo ni adabu. Mgeni akija na karatasi na kalamu, mwenyeji hapendi kumvunja moyo. Mwaka 1932 Rensis Likert alitoa kipimo chake kinachoanzia “nakubali sana” mpaka “nakataa sana”, nacho hutumika dunia nzima. Ni kipimo kizuri, lakini kikitumiwa juu ya maneno ya upande mmoja tu, watu wapole watakubali kila kitu. Kwa hiyo geuza baadhi ya sentensi. Mahali pamoja andika “Mashine hizi zinanitosha,” na pengine “Mashine hizi zinanichelewesha.” Mtu akikubali zote mbili, ujue anakustahi tu. Tena weka nafasi ya “sijui”, ili asiyejua asilazimike kubuni.

Sheria ya tano: mfanye mtu achague kwa gharama. Wengi wenu mnaujua mchezo wa omweso. Mchezaji hana kete za kutosha kujaza kila shimo. Akiongeza hapa, pale panapungua. Basi chora mashimo matano katika karatasi: kasi ya kuwaka, kufanya kazi bila intaneti, usalama, kufungua kazi zilizoandikwa mahali pengine, na bei ndogo. Mpe mtu kete 10 azigawe apendavyo. Aliyesema mdomoni kwamba yote ni muhimu sana, mkono wake utamsema kweli.

Sheria ya sita: ulizia kazi, usiulizie mfumo peke yake. Nenda Nasser Road, kule wachapaji wanakotengeneza kadi za arusi, kalenda na picha za wagombea. Mwulize fundi kama angependa mfumo wa bure, naye atafurahi. Kisha mwulize ni programu gani aliyoifungua asubuhi ya leo. Wengi watakutajia CorelDRAW, na CorelDRAW ya siku hizi hutengenezwa kwa Windows na kwa kompyuta za Apple, haitengenezwi kwa Ubuntu. Ndiyo yake ya kwanza imekufa hapo hapo. Shuleni kwetu ni vivyo hivyo. Karani ana programu ya hesabu za karo, mwalimu ana faili za alama, na mwanafunzi wa kidato cha 5 au 6 anayechukua kompyuta kama somo dogo ana mtihani wa vitendo wa UNEB mbele yake. Kila mmoja aandike programu tatu alizotumia juma lililopita. Orodha hiyo itatuambia zaidi kuliko kurasa kumi za maoni.

Sheria ya saba: angalia unamwuliza nani. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na waliojitaabisha kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Wingi wa majibu haukuliokoa gazeti. Nasi tukipeleka maswali yetu kwa WhatsApp, tutawasikia wenye simu na data, na wanafunzi wa bweni wasioruhusiwa simu hawatasikiwa hata kidogo, hali wao ndio watakaokaa mbele ya mashine hizo. Basi tuchukue daftari la majina la kila kidato, tuhesabu, na kila jina la 5 lipewe karatasi. Kisha walimu wote, karani, mhasibu na mtunza maktaba, maana hao ni wachache.

Sheria ya nane: tafsiri kwa uangalifu. Katiba yetu iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na shuleni mwetu wako wanaokielewa vizuri na wanaokielewa kidogo. Mtu mmoja aitie karatasi ya Kiingereza katika Kiswahili, na mwingine ambaye hajaiona ya kwanza airudishe katika Kiingereza. Palipotofautiana ndipo penye shimo. Katika jaribio la klabu, swali “Je, kumbukumbu ya kompyuta inakutosha?” lilirudi likiwa swali juu ya kusahau masomo. Sasa limeandikwa, “Je, umewahi kukosa nafasi ya kuhifadhi kazi yako?”

Mwisho, jaribu karatasi kwa watu wachache kabla ya kuichapa, nawe ukae kando uone wanasita wapi. Wala usiandike jina la mtu pasipo haja. Tangu mwaka 2019 Uganda inayo sheria ya kulinda habari za watu binafsi, na hata isingekuwapo, mwanafunzi hatasema kweli juu ya kompyuta ya mwalimu wake kama jina lake liko juu ya karatasi.

Kwa wanafunzi wa zamani wenzangu nina neno moja. Kila mmoja wetu anao mfumo aupendao ofisini kwake, nami moyo wangu uko kwa Ubuntu, sifichi. Lakini sisi hatutakaa katika chumba kile. Najua shule moja iliyopewa mashine nzuri na wafadhili wema ambao hawakuuliza neno, na leo zimefunikwa vitambaa, kwa sababu hapana aliyeweza kufanyia kazi yake mle. Majibu yakija kinyume cha nilivyotaraji, nitatoa mchango wangu ule ule kwa njia watakayoichagua watumiaji. Nanyi mlio shuleni, karatasi itakapowafikia, msijibu mnavyodhani tunataka kusikia. Andikeni mlilofanya juzi na jana, na kete zenu 10 mziweke mahali panapowauma.