KIZURI CHAJIUZA? FUNZO LA BODA BODA KWA MFANYAKAZI

Mtu akishuka garini Buwenge, kaskazini ya Jinja katika barabara iendayo Kamuli, hupokewa na sauti kabla ya kupokewa na mtu. "Boda, mama! Mzee, twende!" Vijana wamekaa juu ya pikipiki zao, na nyuma ya nyumba za mji yanaanza mashamba ya miwa. Wengi wao ni watoto wetu na wadogo zetu. Wengine ni wenzetu waliopunguzwa kazini. Na wako wafanyakazi ambao bado wamo kiwandani au shambani, ila wamenunua pikipiki na kumpa kijana aiendeshe.

Tumeona yafaa tuizungumze biashara hii kwa sababu inagusa akiba yetu. Tangu Januari 2022 sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, inamruhusu mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Fedha hizo ni jasho letu: asilimia 5 inakatwa katika mshahara, na asilimia 10 inatolewa na mwajiri. Mfanyakazi akizipata, mara nyingi jambo la kwanza linalomjia kichwani ni pikipiki. Hatusemi asinunue. Tunasema kwanza aielewe kazi anayoiingia.

WALIVYOANZA BUSIA

Kazi hii ilizaliwa huku kwetu mashariki. Katika miaka ya 1960, pale Busia kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, watu wenye baiskeli walianza kuwavusha wasafiri kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Nyuma ya baiskeli walifunga kiti chenye godoro dogo. Walimwita msafiri kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kwenda mpaka hadi mpaka, na maneno hayo ndiyo yaliyogeuka kuwa "boda boda".

Hali haikutulia hata kidogo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia. Viwanda vya Jinja vilidhoofika, na uzalishaji wa sukari ukaanguka. Bidhaa zikaadimika, magendo yakashamiri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hata hivyo kazi ya baiskeli haikufa. Ilienea hadi Mbale, Jinja na miji mingine, na kuanzia miaka ya 1990 pikipiki zikaingia.

Tujiulize: kwa nini haikufa? Jibu ni kwamba wale wa Busia hawakuwa wakiuza baiskeli. Walikuwa wakiuza kuvuka. Chombo kilibadilika, haja ya msafiri ikabaki palepale. Hili ndilo jambo la kwanza kwa kila mwenye kazi ndogo ya huduma, awe fundi cherehani, kinyozi, fundi baiskeli au mwenye kinu cha kusaga mahindi. Usikipende chombo chako kuliko haja ya mteja wako.

HUDUMA HAIWEKWI RAFUNI

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe sokoni ni kweli, maana mnunuzi huliona na kulibonyeza. Lakini huduma haiwekwi rafuni. Mama mwenye mtoto mgonjwa hajui kama utamfikisha salama mpaka umemfikisha. Kwa hiyo kinachotangaza kazi ya boda ni mwenendo wa mwendeshaji: kufika saa aliyoahidi, kutobadilisha nauli katikati ya njia, kutokunywa pombe kazini, kumwendesha mjamzito polepole. Mteja aliyeridhika huwaambia jirani zake. Aliyetendewa vibaya huwaambia wengi zaidi.

Kuita kwa sauti kuna faida yake, lakini humleta mteja mara ya kwanza tu. Wa pili na wa tatu huletwa na namba ya simu aliyoihifadhi na jina zuri ulilonalo.

MWAKA 2020

Mtihani mkubwa ulikuja na korona. Mwishoni mwa Machi 2020 serikali ilipiga marufuku boda boda kubeba abiria. Ziliruhusiwa mizigo tu. Abiria walirudishwa mwishoni mwa Julai. Shule nazo zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Aliyetegemea kupeleka watoto shuleni alipoteza riziki yake.

Hapo ilionekana tofauti. Aliyejulikana na wenye maduka alikuwa na mlango wa kubisha: alibeba sabuni, unga, dawa na mboga. Aliyezoea kungoja abiria wasiojuana naye hakuwa na mahali pa kuanzia. Ruhusa ya mizigo ilikuwa ya wote, lakini wateja hawakuwa wa wote. Ndugu, wateja hutafutwa siku za raha ili wawepo siku za shida.

TUPIGE HESABU

Sasa turudi kwenye fedha. Tuseme pikipiki ni ya mkopo na kwa siku inaingiza shilingi 30,000. Petroli ni 10,000. Rejesho la mkopo ni 12,000. Chakula cha mwendeshaji ni 3,000. Oili, tairi na breki tuweke 2,000 kwa siku, maana hata zisipoharibika leo zitaharibika kesho. Kinachobaki ni 3,000.

Petroli ikipanda kwa nusu, inakuwa 15,000. Ile 3,000 imekwisha, na umeingia hasara ya 2,000 kila siku, huku mwenye mkopo hataki kusikia habari ya petroli. Akiichukua pikipiki yake, akiba yako uliyotanguliza imekwenda nayo.

Jambo hili si la kubuni. Sehemu kubwa ya petroli yetu hupitia Kenya. Machafuko ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalileta uhaba wa mafuta Uganda. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Busia na Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, na bei ikapaa tena. Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya hesabu mara mbili: ya bei ya leo na ya bei ikipanda kwa nusu. Kama ya pili haikubali, ngoja, ongeza akiba, upunguze mkopo.

KALENDA YA FEDHA

Jambo la mwisho ni kujua fedha ya mtaa inakuja lini na inakwenda wapi. Huku kwetu huja siku ya mshahara, huja mkulima wa miwa anapolipwa, huja mahindi yanapovunwa katikati ya mwaka na mwishoni. Huondoka mara tatu kwa mwaka, mihula ya shule inapofunguliwa. Bei ya miwa ikishuka, si mkulima peke yake anayeumia. Fundi nguo, kinyozi na boda wote huhisi.

Mwenye busara huweka akiba wiki za mshahara, na wiki kavu hazimkuti mtupu. Wiki hizo hupunguza safari za bure za kuzunguka akitafuta abiria, hubeba mizigo, na hukubali malipo kwa simu. Lakini mkopo kwa wateja aupime: aandike jina, kiasi na siku ya kulipa. Deni lisiloandikwa huua biashara na ujirani pamoja.

UMOJA

Ndugu wafanyakazi, sisi tunajua nguvu ya umoja, maana bila umoja hakuna mfanyakazi anayesikilizwa. Steji nayo ni umoja. Steji yenye zamu inayofuatwa, nauli inayojulikana na mfuko wa kumsaidia aliyepata ajali hupendwa na wateja, kwa kuwa mteja huamini steji kabla ya kumjua mwendeshaji. Mpango wa Emyooga ulioanza 2019 nao unakopesha kwa vikundi vya kazi, wakiwamo waendesha boda, mafundi na washonaji. Asiye na kikundi hubaki nje.

Basi kabla hujaipeleka ile asilimia 20 dukani, kaa na mwenzako wa nyumbani, mpige hesabu ya petroli ghali, kisha nenda stejini ukawaulize watu jina la kijana unayetaka kumkabidhi. Kama hawalijui kwa wema, pikipiki mpya haitamsaidia.